Sifa Nilizokula kwa Jasho Lako

Mwanangu Rayya,

Salamu zitangulie, ingawa ukuta mmoja tu ndio unaotutenga na nakusikia unavyokohoa. Ya koti la baridi, ya dawa ya tumbo na ya kupiga simu ukifika sitayaandika. Hayo baba yako atakusomea yote ndani ya gari, kutoka hapa Hail mpaka uwanja wa ndege wa Maskati, na akimaliza ataanza upya. Mimi nina jambo moja, na ninaliandika kwa sababu mchana sikulisema mbele ya watu.

Uliniambia jikoni, huku unaosha vikombe vya kahawa: "Basi Mama, mie ntabaki mwaka huu. Ntakwenda mwakani, inshallah." Ulisema taratibu, kama mtu anayekubali kuongezewa wali. Nilichukua kitambaa nikafuta meza uliyokwisha kuifuta. Jibu langu ni hili: hubaki. Kesho unakwenda chuo Malaysia kama tulivyopanga. Soma mpaka mwisho ujue kwa nini, kisha usije kujadiliana na mimi.

Kwanza ujue nilivyo. Nimechefukwa, Rayya. Tangu mchana chakula hakijashuka, na kosa si la pilau, maana pilau ulipika wewe na ilikuwa nzuri kama kawaida. Nimechefukwa na kile kikao cha ukoo cha Ijumaa. Wewe ulikuwa unaingia na kutoka na masinia, hukuyaona yote, kwa hiyo nikuhadithie mimi niliyekuwa nimekaa kitako.

Tulikwisha kula. Wanaume wako majlisi, sisi tumejazana sebuleni. Shangazi yako Moza ana sahani ya haluwa mapajani na anakula kwa vidole viwili, anavilamba, halafu anavielekeza kwa watoto: wewe njoo, wewe subiri. Ndivyo alivyofanya Ijumaa zote. Mdogo wako Zuwena akasimamishwa katikati ya zulia, miaka minane, kichwa kinang'aa mafuta, asome hadithi yake ya mbuzi aliyekula kofia. Kila mtu anaijua. Hata paka wetu anaijua.

Sasa yule mkwe mpya wa Moza, msichana wa watu, hana ubaya wowote, alikuwa amemletea zawadi ya kitabu. Cha nyota na sayari, na picha nzuri. Akamwambia, "Hebu tusomee hichi, habibti." Zuwena akakipokea, akakifungua, na kwa Kiarabu kilichonyooka akaanza: palikuwa na mbuzi mmoja. Akafunua ukurasa pale pale anapofunua siku zote. Ukurasa una picha ya mwezi, yeye anasoma mbuzi. Ukurasa una picha ya jua, mbuzi ameshafika kwenye kofia. Mkwe akainama akauliza kwa upole, "Mbuzi yuko wapi hapa?"

Zuwena hakukitazama kitabu. Alinitazama mimi. Alitaka nimwambie amekosea wapi, maana neno hata moja hakulikosea.

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walicheka vizuri. Mmoja alikuwa ameshainua simu kumrekodi tangu mwanzo na hakuishusha. Moza akalamba kidole na kusema, "Maskini! Kumbe huyu hasomi, anaimba tu." Wewe ndipo ulipotokea mlangoni, ukaweka sinia chini, ukamshika mkono mdogo wako ukamtoa. Ulipokwisha kutoka Moza akakuhukumu. "Sasa Rayya anakwenda wapi na nyumba haijakaa sawa? Asubiri mwaka mmoja amnyooshe huyu mtoto. Malaysia haihami." Wenzake wakaitikia: kweli, mwaka si kitu, mama mtu peke yake hawezi. Walisema kwa sauti ya kufika jikoni, na ilifika.

Mimi nikamimina kahawa. Hilo ndilo nililolifanya. Na nikueleze ukweli wote, maana ukiujua nusu utanihurumia na sitaki: nilipokuwa namimina, ndani yangu palikuwa na nafuu. Nilijisemea, basi atabaki, mambo yatakwenda kama yalivyokuwa. Nafuu ile ndiyo iliyonitia kichefuchefu. Moza ni Moza, tumemzoea, lakini kujiona mimi mwenyewe nimekaa pale na dele la kahawa mkononi, nimefurahi mtoto wangu amekatwa miguu, nilitamani kunawa mpaka kwenye mabega.

Unaijua habari ya kwa nini sikukuacheni skuli, nikakusomesheni nyumbani, lakini unaijua kwa ile namna ninayowasimulia wageni, imepigwa pasi. Isikie yenye mikunjo. Nilipoletwa Maskati kutoka Unguja nilikuwa na miaka tisa na Kiarabu cha kuombea maji. Mwalimu akanisimamisha nisome. Nilisoma kwa sauti ya Malindi, mtaa wetu wa kule, na darasa zima likacheka mpaka mwalimu mwenyewe akageukia ubao ili asionekane. Nilimaliza skuli kwa alama nzuri na kwa kukaa kimya. Kisha nikakuzaa wewe, na siku moja, uko darasa la kwanza, ulirudi nyumbani na nguo mbichi kwa sababu uliogopa kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilikuogesha, nikamwambia baba yako kwamba huyu harudi tena skuli, nitamsomesha mimi. Akacheka akasema, "Haya, Mwalimu Mkuu."

Na miaka ya mwanzo, Rayya, ilikuwa mizuri. Sitaki karaha yangu ya leo iipake matope ile nayo. Tulikuwa tunakwenda pwani ya Yiti maji yakitoka, wewe na ndugu zako wawili wa mwanzo, mnachokora kaa kwenye mawe. Uliniuliza maji yanakwenda wapi. Sikujua. Nilikwambia sijui, tukaulizana wiki nzima, tukamuuliza baba yako, tukamuuliza muuza samaki, ukachora, ukakosea, ukachora tena. Tulikuwa tunashuka madukani Hamriya kununua vitambaa, unampimia mwenye duka yadi zake mpaka anachoka na sisi. Sehemu za hesabu ulijifunza kwa chapati, na ndugu yako alikula robo yako ukalia kwa namba. Hakuna aliyekuwa anatutazama. Nadhani ndiyo sababu ilikuwa mizuri.

Moza ndiye aliyesema mbele ya ukoo kwamba watoto wangu watakuwa wajinga. Ijumaa ile ile akakuuliza mji mkuu wa Japani, ukamjibu, ukamwongezea wa Brazili bila ya kuulizwa. Watu wakasema mashallah, na mimi nikaonja. Sikukusudia zaidi ya kumfunga mdomo mtu mmoja. Lakini Ijumaa iliyofuata nilihakikisha una jipya la kusema. Baadaye Alhamisi nzima ikawa ya kujitayarisha kwa Ijumaa, halafu na Jumatano. Mkiuliza maji yanakwenda wapi nawaambieni baadaye, sasa tunakariri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia maji mpaka tembo lenyewe likawa halipo, na walevi wakaendelea kusifu.

Kisha nikachukua mimba ya pacha, na unaikumbuka ilivyonilaza. Mkawa wanane. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu. Nikakwambia, "Mama, nishikie darasa kidogo mpaka nipate nguvu." Pacha walizaliwa, wakatambaa, wakakimbia, sasa wanapigana, na darasa ulikuwa nalo bado. Sikuwahi kulirudia. Nilikuwa nakuja mlangoni, nasimama kidogo, nasema mashallah, naondoka. Uliamka nao alfajiri, ukasahihisha madaftari, ukasoma masomo yako mwenyewe usiku mezani jikoni, na mitihani yako ukaifaulu hivyo hivyo, kwa mabaki ya siku.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasifiwa. Wanawake walikuja hapa kuniuliza nafanyaje, watoto wote hawa, nyumbani, bila ya skuli. Nikawaonyesha ratiba uliyoiandika wewe. Unaukumbuka ule ukumbi walionialika nizungumze na akina mama? Wewe ulikaa nyuma kabisa na pacha mmoja begani na mwengine miguuni. Mwanamke mmoja akauliza, "Bibie, siri yako nini?" Nikanyamaza kidogo ili wanisubiri, kisha nikasema: subira. Wakapiga makofi. Neno lile nikilikumbuka natamani kusukutua. Walinivisha kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa kiingie vizuri.

La Zuwena ndilo baya kuliko yote. Mwaka jana, katika Ramadhani, ulinijia ninakanda unga wa sambusa. Ukasema, "Mama, Zuwena hasomi. Anakariri. Herufi zinamchanganya, na si uvivu, nimemjaribu kila namna. Tumpeleke kwa mtu anayejua." Nilikujibu, na nakumbuka hata sikuinua macho: "Ipite Idi kwanza. Kuna wageni. Wewe mkazanie ile ya mbuzi." Ukamkazania ile ya mbuzi. Baada ya Idi uliniambia tena, nikakwambia nina kichwa. Mara ya tatu hukuniambia. Mwanangu, unajua nilifanya nini ulipoacha kuniambia? Nilifurahi. Nilifikiri limekwisha.

Nilikutoeni skuli ili msichekwe. Kisha nikakujengeeni yangu, hapa hapa sebuleni, na mchekaji nikamwalika mwenyewe, nikampa na haluwa.

Sasa nina la kukwambia kuhusu wewe pia, na litauma, lakini usiinuke kwenda kufua nguo za mtu. Wewe umezoea kuhitajiwa. Nilikuzoesha mimi. Mwenzio nilizoea sifa, na hivi vitu viwili ni ndugu, vyote vitamu na vyote vinakula mtu. Leo uliposema utabaki hukuwa umelazimishwa. Nilikuona uso. Ulikuwa na huzuni, lakini pia ulitulia, kama mtu aliyerudishiwa ufunguo wake. Huko unakokwenda utapanga nyumba na wasichana wenzako, na kabla wiki haijaisha watakuwa wamekwisha kukutambua kwamba wewe ndiye muoshaji. Watakusifu. Watakuambia wewe ni mama wa nyumba, wakijua au wasijue wanachokifanya. Ukisikia hivyo, nakuomba uchefukwe. Vikombe vyao waoshe wenyewe.

Na kuna siku mwalimu atakuuliza mbele ya watu na hutakuwa unajua. Hilo halijakutokea tangu una miaka saba, kwa sababu humu ndani hukupewa ruhusa. Sema hujui. Uso utapata moto, mikono itatafuta pa kujificha, kisha utaona hakuna kilichokufa. Mimi nimelijaribu leo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nitakueleza, na bado nipo.

Baada ya Magharibi nilimpigia simu shangazi yako. Niliingia chumbani nikafunga mlango, kwa hiyo hukusikia.

"Moza, Rayya anaondoka kesho."

"Khaa! Si tumekubaliana?"

"Mmekubaliana nyie. Mie nlikuwa namimina kahawa."

"Na yule mtoto asojua kusoma?"

"Yule kazi yangu."

"Kazi yako tokea lini? Sisi tulidhani weye ndo unowasomesha. Kumbe umetudanganya miaka yote hii?"

"Nimekudanganyeni, naam."

Hakulitegemea hilo, Rayya. Angeweza kuendelea na mtu anayejitetea mpaka asubuhi, lakini hakujua la kumfanya mtu aliyekubali. Akauliza, "Na Ijumaa?"

"Ijumaa njooni mle. Watoto watakuwa nje wanacheza mpira."

"Hatutowaona hata kidogo?"

"Mtawaona. Wachafu."

Alikata simu bila ya kuniaga. Atarudi, kwa sababu anaipenda biriani yetu, na ataileta hadithi hii kila arusi na kila hitma. Na sitakudanganya, kuna jambo moja alilolisema sawa: mtoto anaimba, hasomi. Mara mbili wewe uliniambia hilo kwa adabu sikulisikia, nikalisikia kwa mtu mwenye haluwa mdomoni. Hilo nalo linanichefua.

Kisha nikamwita Zuwena. Alikuwa amejificha nyuma ya pazia na kile kitabu cha nyota, anatazama picha. Nikakaa naye chini. Nikamwambia leo nitamsomesha mimi. Akanitazama tokea juu mpaka chini, akauliza, hana hila yoyote, "Mama, kwani wewe unajua kusomesha?"

Nikamwambia, "Sijui vizuri. Nilikuwa najua zamani."

Akanifikiria. Akasema, "Rayya huanza kwa kunipa maji ya kunywa. Halafu hufunika maneno mengine kwa mkono, nione moja tu." Nikamletea maji. Nikafunika maneno mengine kwa mkono. Neno lililobaki lilikuwa mwezi. Tulikaa nalo hilo moja muda ambao mimi peke yangu ningemaliza kitabu kizima. Akalisema kinyume, akalisema nusu, akanikumbatia shingo akaniomba tusome mbuzi. Nilihisi hasira inanipanda, hasira ya mtu mvivu, na ndipo nilipopata kujua wewe umekuwa ukimeza nini kila siku, ukitoka humo chumbani unatabasamu na kuuliza tutapika nini. Hakulisoma. Nataka ulijue hilo. Sina muujiza wa kukupa uende nao. Tulikifunga kitabu akiwa hajalisoma, na kesho tutakifungua tena.

Baba yako amepata kwa mwenzake wa kazini jina la mama mmoja anayewasaidia watoto wanaochanganywa na herufi, na Jumapili nampeleka. Ikiwa atasema mtoto huyu aende skuli, ataenda skuli, na nitambeba mwenyewe mpaka mlangoni, na watakaocheka wacheke. Ndugu zake wengine darasani nitakaa nao mimi. Mdogo wako Amal ameniuliza jioni, kwa sauti yako ile ile ya kukubali, kama yeye ndiye atakayeshika darasa sasa. Ana miaka kumi na tano. Nimemwambia akalale.

Sanduku lako ulilifungua mchana ukaanza kuzirudisha nguo kabatini. Nimezipanga upya ulipokuwa unasali. Sizipangi vizuri kama wewe, utazikuta zimekunjamana. Pasi yako ya kusafiria nimempa baba yako na nimemkataza kukupa mpaka mfike uwanja wa ndege.

Asubuhi Zuwena atakuja kukuaga, na nakujua. Utachutama mbele yake, utamshika mashavu, utamwahidi utampigia simu kila siku umsomeshe. Usimwahidi. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu, na nimekuomba mengi, mengine ya haramu. Mpigie umuulize amekula nini, kapigana na nani, paka hajambo. Akikwambia herufi zinamchanganya, mwambie pole, kisha umchekeshe. Mkikosana, mnunie kidogo, mletee zawadi ya upuuzi. Wewe ni dada yake tu, Rayya. Mama yake ni mimi.

Na wako pia, ingawa nilikufanya usahau.

Mama